Je, Yafaa Kubadili Breki za Motokaa Nyumbani?

Siku hizi, barazani na katika gereji za Kismayuu, kuna mjadala usiokwisha. Mtu aliye na motokaa ya zamani yenye breki za ngoma, azitoe atie breki za diski? Na kama atazitoa, kazi hiyo aifanye mwenyewe nyumbani, chini ya mwarobaini, kwa jeki na spana zake? Vijana karibu wote hujibu ndiyo mara mbili. Wazee wengi hujibu la mara mbili. Mimi kwa swali la pili nasema ndiyo, na kwa lile la kwanza nasema ngojeni kidogo, maana liko jambo jingine litanguliayo diski, na sijasikia mtu akilitaja.

Kwanza tufahamiane juu ya motokaa zenyewe. Sina habari na matajiri wa Ulaya wanaotunza motokaa za zamani kwa fahari, wakazitoa Jumapili jua likiwaka na kuzirudisha ndani mvua ikinyesha. Kwetu sisi motokaa ya zamani ni Land Rover iliyokwisha badilishwa injini mara mbili au tatu, au Land Cruiser zile za namba 40, na bado yapakia samaki, magunia, mbuzi na watu. Kule visiwani, Chula, Chovai, Koyama na Ngumi, mtu hana haja nayo. Mashua na miguu yamtosha. Lakini samaki akishashushwa bara huanza safari ya pili, na safari hiyo ni ya magurudumu.

Land Rover zote za Series, tangu ile ya kwanza ya 1948 mpaka zilipoacha kuundwa mwaka wa 1985, zilitoka kiwandani na ngoma katika magurudumu yote manne. Diski za mbele zilikuja na One Ten mwaka wa 1983. Land Cruiser za 40 nazo zilianza na ngoma, na ni katikati ya miaka ya 1970 ndipo diski za mbele zilipoanza kuonekana, wala si kwa zote. Kwa hiyo anayetaka kubadili si mwendawazimu. Ataka kuipa motokaa yake kitu ambacho waundaji wenyewe waliwapa ndugu zake wadogo.

Kwa ajili ya wanafunzi wa madarasa ya chini, nieleze kwa ufupi. Ndani ya ngoma mna viatu viwili vya chuma vilivyovikwa leningi. Mguu ukikanyaga, mafuta husukuma silinda ya gurudumu, viatu hutanuka na kusugua ukuta wa ngoma kwa ndani. Hapa pana ujanja mzuri: kiatu kinachoelekea upande wa mzunguko huvutwa na ngoma yenyewe kikazidi kujikaza, yaani breki hujisaidia. Diski haina msaada huo. Padi mbili huibana sahani ya chuma kutoka pande mbili, na nguvu inayofika pale ni ile tu uliyoipeleka. Ndiyo sababu motokaa nyingi za diski zina busta, chombo kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kuuongezea mguu nguvu. Wale wanaodhani kuwa diski ni kali kwa asili yake hawajapata kuendesha motokaa ya diski ambayo busta yake imekufa.

Mbona basi dunia ilihama? Mwingereza Frederick Lanchester alipewa haki ya uvumbuzi wa breki ya namna ya diski mwaka wa 1902, lakini sifa zake hazikuenea mpaka Jaguar zenye diski za Dunlop ziliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka wa 1953. Miaka miwili baadaye Citroën wakauza DS, ikiwa na diski mbele. Sababu ilikuwa moto. Ngoma ikishika moto hutanuka, ukuta wake ukaenda mbali na viatu, na dereva akazidi kukanyaga akipata kidogo. Diski ikishika moto hunenepa na kuzisogelea padi, na upepo huipoza kwa kuwa haikufunikwa.

Sasa nauliza, Le Mans yetu iko wapi? Kutoka Kismayuu mpaka Birikau hapana mlima hata mmoja wa kuchoma breki. Barabara ya Jilib lami yake ilichakaa tangu vita vya 1991, na dereva mwenye akili haendi kwa kasi ya Jaguar juu ya mashimo. Tena tukumbuke kwamba mwaka wa 1963 Peugeot 404 ilishinda Safari, mashindano makali ya Afrika ya Mashariki ambayo magari mengi huyaanza na machache huyamaliza, na Peugeot hiyo ilikuwa na ngoma mbele na nyuma. Anayewaambia abiria wake kuwa ngoma ni kifo, na aende akaangalie ngoma zake zilirekebishwa lini. Breki nyingi za zamani zinazolaumiwa ni leningi zilizokwisha, silinda zinazovuja, na skrubu za kurekebishia viatu zilizoshikwa na kutu, hazikuguswa tangu Ramadhani mbili zilizopita.

Hata hivyo sisi wa mwambao tuna sababu zetu wenyewe, nazo si moto. Ni mchanga, maji na chumvi. Njia ya kusini, ile iendayo mpaka Ras Kiamboni, ni mchanga, na penye mikoko ni tope. Mchanga ukiingia ndani ya ngoma hauna pa kutokea. Husagika pale pale baina ya leningi na chuma, ukaila ngoma kama kinoo kinavyokula kisu. Maji nayo ni hivyo hivyo. Dereva akipita penye maji ya bamvua ngoma hulowa, na akikanyaga mara ya kwanza hapati kitu, au gurudumu moja hushika na jingine likakataa, motokaa ikavuta upande. Diski huyarusha maji kwa kuzunguka kwake, na padi huipangusa. Katika jambo hili diski yashinda, wala sina ubishi.

Lakini chumvi haina upendeleo. Diski iko uchi. Motokaa ikisimama pwani wiki kadhaa wakati wa kusi, diski hugeuka nyekundu kwa kutu. Kutu hiyo haina neno, padi huiondoa siku ile ile. Kutu mbaya ni ile ya pistoni ya kalipa. Pistoni hiyo hurudishwa na kitu kidogo sana, pete ya mpira yenye pembe nne, ambayo hupindika mguu ukikanyaga na kunyooka mguu ukiachia. Pistoni ikipata vishimo vya kutu, pete huliwa na mafuta yakavuja. Ikishikwa na chumvi, hairudi, padi hubaki imebana, na gurudumu likachemka njia nzima. Kalipa nyingi zinazouzwa kwa bei rahisi zimetolewa katika motokaa zilizokufa, na huko nako zilikaa uani na mvua. Anayenunua kalipa ya namna hiyo na kuifunga bila kuifungua, kutazama pistoni na kutia mipira mipya, amenunua maradhi ya mtu mwingine.

Sasa nafika penye shina la hoja yangu. Land Rover nyingi za zamani, na Land Cruiser za mwanzo, zina masta silinda ya njia moja. Maana yake mafuta yote ya breki hutoka mahali pamoja na kugawanyika baadaye kwenda mbele na nyuma. Bomba moja likitoboka mahali popote, mguu hushuka mpaka sakafuni, na magurudumu yote manne hayana kitu. Hapo utabaki na breki ya mkono, na katika Land Rover hiyo hushika mti wa kuzungushia magurudumu ya nyuma. Iliundwa kuizuia motokaa iliyosimama, haikuundwa kuisimamisha motokaa iliyojaa watu. Na mabomba yenyewe ni ya chuma, yamepita chini ya motokaa, yakirushiwa maji ya chumvi kila siku.

Diski mpya, hata ziwe nzuri namna gani, hunywa kutoka chombo kile kile. Bomba likitoboka ni sawasawa na ngoma. Masta silinda ya njia mbili ina pistoni mbili zinazofuatana na mafuta yaliyotengwa. Mbele ikipotea, nyuma hubaki, na nyuma ikipotea, mbele hubaki. Nchini Marekani sheria imetaka motokaa mpya za abiria ziwe hivyo tangu mwaka wa 1968. Basi mtu mwenye fedha za kufanya jambo moja tu, mimi ningemwambia atie masta silinda ya njia mbili na mabomba mapya, na ngoma zake azisafishe na kuzirekebisha. Mabomba yakipatikana ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ni bora zaidi, maana chumvi haiyali upesi kama chuma. Kazi hii haina sifa. Hakuna atakayepita akaona mabomba yaliyo chini ya motokaa na kusema, "Mashaallah." Diski huonekana kwenye gurudumu zikimetameta, na nashuku kwamba hilo nalo huwavuta vijana wetu.

Aliyekwisha fanya hayo, na bado ataka diski, namwambia heri, lakini asifanye nusu. Watu wa mashua hawahitaji maelezo marefu. Ukitia tanga kubwa juu ya mlingoti ule ule mwembamba, na henza ile ile iliyochakaa, hukuongeza mwendo. Umeandaa siku ya kuvunjikiwa. Breki nazo ni hivyo. Kalipa ina pistoni kubwa kuliko silinda ya ngoma, kwa hiyo yataka mafuta mengi zaidi kila mguu ukikanyaga. Masta silinda ya zamani ikiwa ndogo, mguu utazama sana kabla breki haijashika. Ukiikuza, mguu hauzami, lakini huwa mzito.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kulipima hili kwa kalamu, nalo ni somo la Pascal lenyewe. Chukua masta silinda yenye kipenyo cha milimita 19. Eneo la pistoni yake ni kama milimita za mraba 284. Yenye milimita 25 eneo lake ni kama 491. Isukume kila moja kwa nguvu ya nyutoni 1,000. Ya kwanza itatoa presha ya nyutoni 3.5 kwa kila milimita ya mraba, na ya pili 2.0 tu. Kwa hiyo ile kubwa hupeleka mafuta mengi na presha ndogo, na diski, ambayo haijisaidii, ndiyo ihitajiyo presha kubwa. Tofauti hiyo hulipwa na busta. Anayefunga diski bila kufikiri juu ya masta silinda na busta amefanya nusu ya hesabu, na mwalimu wetu yeyote angeirudisha kwa wino mwekundu.

Liko na jambo dogo lililofichika ndani ya masta silinda za ngoma nyingi: vali inayobakiza presha kidogo katika mabomba hata mguu ukiondoka, ili mipira ya silinda isikae legevu. Kwa ngoma ni sawa, kwa kuwa viatu vina springi kali za kuvirudisha. Diski haina springi hizo. Presha ile ikibaki, padi zitasugua daima, zitapata moto, na mafuta yatachemka. Mafuta yakichemka huwa mvuke, na mvuke ukibanwa hunywea. Mguu utashuka sakafuni kama vile bomba limepasuka. Tena chupa ya akiba ya mafuta iwe kubwa, maana padi zikilika pistoni husogea nje na mafuta hufuata nyuma yake. Chupa ya zamani ikiwa ndogo, yaweza kukauka hali padi zingali zafaa.

Na nyuma? Mimi ningeacha ngoma. Mtu akikanyaga breki kwa nguvu, uzito wote huinamia mbele na mkia huwa mwepesi. Gari likiwa limekwisha shusha mzigo na larudi tupu, ngoma za nyuma zinazojikaza zenyewe zaweza kufunga magurudumu kabla ya diski za mbele kushika sawasawa. Magurudumu ya nyuma yakifunga juu ya lami, mkia hutaka kutangulia kichwa. Kwa hiyo kuna vali ya kupunguza presha ya nyuma, nayo isikosekane pale inapohitajiwa.

Kama Land Cruiser ni ya 40, njia nyepesi ni kuchukua vyombo vyote vya mwisho wa ekseli ya mbele kutoka Land Cruiser ya baadaye iliyotoka kiwandani na diski, pamoja na masta silinda yake na busta yake, vyote kutoka ndugu mmoja. Vilizoeana tangu kuzaliwa. Kuokota kalipa hapa, diski pale, na kuchonga kipande cha chuma cha kushikia kwa mchomeleaji wa mtaani, hilo silikubali hata kidogo. Kishikio cha kalipa hubeba nguvu yote ya kusimamisha motokaa. Chuma kilichochomelewa vibaya hakitakatika uani ukijaribu polepole. Kitakatika siku ile mtoto atakapokatiza njia.

Sasa kwa nini nasema yafaa kuifanya nyumbani? Kwa sababu gereji nyingi za kwetu nazo ziko chini ya mti, na tofauti si mti. Fundi wa gereji ana motokaa nne zinamngoja na wenyewe wamesimama juu ya kichwa chake. Kijana anayefanya kazi ya motokaa ya baba yake ana wakati. Aweza kuosha kila kitu, kufungua bomba na kulifunga tena, kusoma kitabu cha motokaa jioni na kurudi kesho. Wakati ndio chombo ambacho gereji haina. Lakini afanye juu ya stendi imara au magogo, asifanye juu ya jeki peke yake. Vumbi lililo ndani ya ngoma za zamani asilipulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, maana leningi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu miaka mingi baadaye. Alilowe kwa maji, alipanguse kwa kitambaa na kukizika. Asitie mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki hata tone, maana mipira huvimba. Chupa ya mafuta ya breki iliyokaa wazi asiitumie: mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ni maji matupu. DOT 4 mpya huchemka kwa digrii 230 au zaidi, lakini ikishanyonya maji kadiri ya asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu.

Akishatoa hewa katika mabomba, awashe injini na kukanyaga kwa nguvu dakika nzima. Mguu ukizama polepole, pana mahali pavuja. Ageuze usukani mpaka mwisho pande zote mbili kutazama kama mipira ya breki yavutwa au yagusa tairi, na azungushe kila gurudumu kwa mkono kuhakikisha kalipa haigusi rimu. Kisha atafute uwanja mtupu, aende kilomita 20 kwa saa, asimame, halafu 40. Ashuke kila mara na kusogeza kiganja karibu na kila gurudumu. Moja likiwa na moto kuliko mwenziwe, kazi haijakwisha. Baada ya hapo aijaribu na mzigo, na mzigo uwe magunia ya mchanga, ambao kwetu hatuununui.

Abiria wasipande bado. Mwenye motokaa amechagua mwenyewe kuijaribu kazi ya mikono yake. Mama aliyebeba kapu la samaki hakuchagua. Yeye amelipa nauli akaketi. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba motokaa yoyote iliyobadilishwa breki nyumbani isibebe watu mpaka fundi mwingine, asiyeshika spana katika kazi hiyo, ameikagua kutoka masta silinda mpaka padi, na alipwe kwa ukaguzi wake. Baadhi ya vijana huona kumwita fundi wa pili ni kukiri kwamba hawajui. Manahodha wa kwetu humwita mwenzao aitazame kalafati kabla mashua haijashushwa majini, na sijasikia nahodha aliyevunjiwa heshima kwa ajili hiyo.

Wako wanaosema kuwa kubadili breki ni kuiharibu motokaa ya zamani, kwamba thamani yake ni kubaki kama ilivyoundwa. Kwa motokaa ya maonyesho wana haki. Kwa motokaa inayolisha nyumba, hapana. Ngoma za zamani zipakwe grisi, zifungwe kitambaa na kuwekwa darini. Anayezitaka siku moja atazirudisha.

Neno moja kwa wenzetu mliomaliza shule zamani, mlioko Mombasa, Dubai na Uingereza. Mlioko Uingereza mwajua kwamba huko mtu akibadili breki za motokaa yake yampasa kumwarifu mwenye bima. Sisi mambo hayo hayatuhusu sana bado. Lakini kila mwaka hufika huku kutoka kwenu redio za motokaa, taa za kumetameta na vifuniko vya magurudumu. Tunashukuru. Safari nyingine, nafasi ile ile ya sanduku yaweza kuchukua masta silinda mbili za njia mbili, mipira ya kalipa, mafuta ya breki yaliyofungwa kiwandani, na kitabu kimoja cha ufundi cha Land Cruiser ya 40. Kitabu kikifika, kipelekwe maktaba ya shule, kisikae nyumbani kwa mtu.